Jeti za Paskali

Mwezi uliopita, nyumbani kwa rafiki yangu huku mjini, mtoto wake alinijia nikiwa katikati ya maongezi na akaniwekea kitu mkononi. Sikukitazama. Kiganja kilikitambua kabla ya macho. Kilikuwa kizito kuliko ukubwa wake, na kilikuwa na baridi ile isiyotoka haraka hata ukikifumbata. Nilimrudishia taratibu, nikaomba maji ya kunywa. Rafiki yangu akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Ilikuwa jeti ya kivita, ya chuma, yenye magurudumu yanayokunjwa, na mimi tayari nilikuwa nimerudi juu kwetu Mbulu, asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala shambani.

Paskali alikuwa kaka yangu. Tulipishana miaka mingi mno, kiasi kwamba watu wasiotujua walidhani mimi ni mwanawe. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi ya Mbulu, na vidole vyake vilizoea skrubu ndogo ambazo mimi sikuweza hata kuziona. Jeti yake ya kwanza aliiokota mnadani, kwenye rundo la vitu vya watoto vinavyokuja na mitumba. Baadaye alimpata mtu Arusha aliyekuwa anamwekea, zikawa zinapanda na basi, moja moja, zimefungwa kwenye soksi.

Hazikuwa vitu vya kuchezea. Sikuruhusiwa kuzishika bila kunawa. Kila moja ilitosha kulala kwenye kiganja cha mtu mzima, na ukiisogeza karibu na jicho, ilianza kuwa kubwa: misumari midogo iliyopangwa mgongoni, moshi uliochorwa nyuma ya injini, maandishi ya kigeni tumboni, makombora yenye ncha nyekundu kama vichwa vya kiberiti. Kioo cha mbele kilifunguka ukikibinua kwa ukucha. Ndani alikaa rubani, mdogo kama punje ya mtama, amevaa kofia ngumu, ameinamisha kichwa kama mtu aliyekemewa.

Nilimuuliza Paskali watu wale walitoka wapi.

"Walikuwa watu wa kawaida tu kama wewe," alijibu bila kuinua macho kwenye simu aliyokuwa anaifungua. "Wakazipenda jeti kupita kiasi."

Alikuwa ananitania. Mimi sikujua. Tangu siku hiyo, kila jeti mpya ilipofika, kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua kioo na kumtazama usoni yule aliyekaa ndani, kuona kama namfahamu.

Bibi, mama yake baba, alizaliwa Getanuwas, chini kule Hanang, kwenye boma la Wadatoga wenye ng'ombe wengi, akaolewa huku juu milimani kwa Wairaqw. Alikuwa hajawahi kupanda ndege wala hakuwa na hamu. Lakini ng'ombe aliwajua, na jeti za Paskali alizisoma kama ng'ombe. Ile ya mabaka ya kahawia na kijani aliiita jina la dume la baba yake. Ile ya kijivu yenye alama nyeupe usoni aliipa jina la mtamba aliyekuja naye alipoolewa. Paskali akapenda, akayakubali majina yote. Asubuhi jua likitoka alizibeba kwenye sinia mpaka barazani zisije zikashika unyevu, jioni akazirudisha kwenye ubao wake chumbani.

"Umeshazikamua?" Bibi alimuuliza kila jioni.

"Hizi hazikamuliwi, Bibi. Hizi zinakula tu."

"Zinakula nini?"

"Mafuta," Paskali alisema, "na watu."

Akacheka. Mama naye akacheka jikoni. Bibi hakucheka. Aliitazama sinia ikipita mbele yake mpaka ikaingia ndani.

Ng'ambo ya bonde letu dogo aliishi Mama Damiano. Yeye na mama yangu waliolewa mwaka mmoja, wakawa wanakopeshana moto na chumvi, na ng'ombe wetu walichungwa pamoja, leo huyu, kesho yule. Mwanawe Damiano alikuwa rafiki wa Paskali, kijana mkubwa wa mwili, mwoga wa vyura. Alipokuja mtu mwenye viatu safi akasema anatafuta vijana wa kulinda kiwanja cha ndege katika nchi ya mbali, nchi ya mchanga, walimsikiliza wote wawili barazani kwetu. Damiano aliuliza chakula kikoje. Paskali aliuliza jeti gani zinatua hapo.

Mtu yule alitaja majina. Uso wa kaka yangu ulibadilika kama wa mtu anayesikia majina ya ndugu zake.

Baba alikuwa katekista, mtu wa maneno machache nje ya kanisa. Alimsindikiza mgeni, akarudi, akasema, "Kama kuna kulinda, kuna anayekuja kushambulia."

"Baba, ni kusimama getini na tochi."

"Tochi ya kumulika nani?"

Paskali na Damiano waliondoka na basi la asubuhi. Aliniachia mimi jeti zake. "Uzitoe, uzirudishe. Usiache zikalala nje." Nilimtazama alipokuwa anapanda basi, nikampima kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni, maana nilikuwa na hakika kwamba akifika huko wataanza kumpunguza mpaka atoshe ndani ya jeti.

Mtandao nyumbani kwetu ulikuwa haushiki. Ulishika juu ya kilima, penye jiwe refu. Jumapili baada ya misa Mama na Mama Damiano walipanda pamoja na simu ya Baba, nami nyuma yao, tukakaa kwenye nyasi tukisubiri. Paskali alipiga. Sauti yake ilifika ikiwa na upepo ndani yake.

"Mama, zinapita juu ya kichwa changu! Mpaka meno yanagongana!"

"Umevaa sweta?"

"Mama, huku ni joto."

"Vaa sweta."

Kisha Damiano alinyang'anya simu akapiga kelele kwamba wali ni kila siku, na mama yake akamwambia asimalize wa watu. Tulishuka kilimani tunacheka.

Halafu ikaja Jumapili ambayo simu haikuita. Mama alipiga yeye. Mwanamke wa kwenye simu akasema namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Jumapili iliyofuata akasema hivyo hivyo. Mama Damiano alianza kumjibu: "Na wewe dada, huna kazi nyingine? Huna watoto wewe?" Tulicheka mara ya kwanza na mara ya pili. Mtu wa viatu safi naye hakupatikana. Ofisini kwake mjini wazazi wetu waliambiwa wasubiri. Na jioni moja redio ya Baba ilisema kiwanja cha ndege katika nchi ile kimeshambuliwa, walinzi kadhaa wamekufa, kisha ikahamia kwenye bei ya mbolea. Baba aliizima. Hakuiwasha tena msimu ule.

Mimi niliendelea kutoa jeti na kuzirudisha. Nilianza kuona kwamba rubani wa ile ya kijivu ameinama zaidi kuliko zamani.

Ni Bibi aliyesema. Alisema kwa upole, akichambua maharage, kama mtu anayekumbushia jambo linalojulikana na wote. Katika ukoo wao, mama ambaye mwanawe amekwenda mahali asipoweza kumfuata huvaa bangili iliyofuliwa kutokana na chuma cha mtoto mwenyewe, chuma alichokishika kila siku. Chuma hicho kinabaki kimemshika. Mkono wa mama ukiwa nacho, mtoto hapotei njia.

"Na ikivunjika?" Mama aliuliza.

Bibi aliokota jiwe dogo kwenye maharage akalitupa. "Ikivunjika, humsubiri tena."

Baba aliposikia alisimama. "Mama, hayo ya kwenu yaache huko huko kwenu."

"Ya kwenu yamemleta?" Bibi aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Baba alivaa koti akatoka nje, akakaa muda mrefu kwenye zizi. Aliporudi alisema, "Nendeni. Mimi sijui kitu."

Mama alimwendea Mama Damiano, wafue mbili. Mama Damiano alitafuta nyumba nzima. "Wangu hakuacha chuma chochote," alisema. "Ameacha ndala." Wakacheka, wakafutana machozi kwa ncha ya kitenge kimoja. "Vaa wewe. Itawashika wote wawili. Si wako pamoja?"

Tulishuka na basi, Mama, Bibi na mimi, jeti zikiwa kwenye kapu zimefunikwa kwa taulo. Hewa ilizidi kuwa nzito tulivyozidi kushuka. Tulipita mashamba ya ngano ambayo hayana mwisho, yamevunwa, yamebaki mabua matupu, na ziwa la Basotu likaonekana pembeni kama bati lililoachwa juani. Tulilala kwa mpwa wa Bibi, asubuhi tukatembea mpaka Getanuwas kwa mhunzi.

Njiani Bibi alinionya. Wahunzi ni watu wa peke yao. Watu wengine hawali kwao wala hawaoani nao. Nisikalie kigoda chao, nisiruke mvukuto wao. "Wanajua kugeuza vitu," alisema. "Anayegeuza vitu, usimguse ovyo."

Nilitegemea kuona mtu wa kutisha. Nilikuta mzee mwembamba mwenye fulana ya timu ya mpira, anayecheka hovyo, na mkewe amekaa nyuma ya mvukuto wa ngozi ya mbuzi, analalamikia mgongo.

"Shikamoo mzee," Mama alisema.

"Marahaba. Mmeniletea nini, sufuria?"

Mama akafunua taulo. Mhunzi akachukua ile ya mabaka, akaigeuza, akaweka kidole kwenye makombora.

"Nimeyeyusha sufuria," alisema. "Nimeyeyusha makufuli. Nimeyeyusha mpaka injini ya trekta. Ndege ya vita, hii ndiyo mara ya kwanza. Mwanao anapigana na nani?"

"Hapigani na mtu. Analinda."

"Haya. Na hawa watu humu ndani?"

"Ni plastiki," Mama alisema. Akanipa pini, akaniambia nitoe vioo, magurudumu na vyote visivyo chuma, visije vikatoa moshi mbaya.

Nilifanya kazi ile nimewapa mgongo. Niliwang'oa marubani mmoja mmoja. Walikuwa wamegundishwa makalio, wakitoka walitoa mlio mdogo. Sikuwatupa pamoja na magurudumu. Niliwaweka chini kwenye nyasi, nyuma ya banda, wote wametazama kule milima yetu ilipo. Katika akili yangu hesabu ilikuwa nyepesi. Walikuwa wamefungwa, sasa wamefunguliwa, na aliyefunguliwa hurudi kwao. Kama kaka yangu alikuwa mmoja wao, njia nilikuwa nimemwonyesha.

Mhunzi alizipanga jeti kwenye chungu cha kuyeyushia, mkewe akaanza kuvuta na kusukuma mvukuto. Nilidhani tutakaa mpaka mchana. Haikuwa hivyo. Pua zililegea kwanza. Bawa moja likainuka taratibu, likasimama wima kama mkono wa mtu anayezama, kisha likalala. Mabaka yakaungua, majina ya ng'ombe wa Bibi yakaungua, na juu ya chungu ukatoka moshi mweupe, mzito kama pamba.

"Chuma gani hiki?" mhunzi alisema. Hakuwa anacheka tena. "Kinayeyuka kama samli."

Mkewe aligeuza uso pembeni, akakohoa, akatema. "Mimina," alimwambia mumewe. "Mimina kiishe."

Akamimina kwenye mfereji wa udongo. Kilipoganda lakini kabla hakijapoa, akakikunja kwa koleo mpaka kikawa duara lenye mdomo wazi. Mama aliivaa bangili ile mkono wa kushoto. Rangi yake ilikuwa ya mawingu ya mvua ya mawe. Chuma kilichobaki Bibi aliomba kifukiwe, na mhunzi akachimba yeye mwenyewe, haraka, bila kuambiwa kina gani.

Tulirudi Mbulu na baridi ikawa imeshaingia. Wenzangu wa rika langu mliokulia huko mnaijua: ile inayofanya maziwa yatoe moshi, inayoacha ganda jeupe juu ya majani mpaka jua lipande. Mama hakuivua bangili. Alioga nayo, alilala nayo. Mama Damiano kila alipokuja aliigusa kwa vidole viwili, kisha akagusa kifua chake. Kwa muda fulani nyumba ilitulia. Mama alianza hata kuimba akifagia.

Ilivunjika asubuhi, zizini. Nilikuwa nimeshika kamba ya ndama. Ng'ombe alihama mguu, mkono wa Mama ukagonga ukingo wa ndoo. Haukuwa mgongano mkubwa. Nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu, na vipande viwili vikaanguka kwenye samadi.

Mama alivitazama. Akaendelea kukamua. Alikamua mpaka mwisho, kwa utaratibu ule ule, chuchu hii na hii, kisha akainuka na ndoo, akatembea mpaka nje ya zizi, akamwaga maziwa yote ardhini. Hapo ndipo Bibi alipotoka ndani, akayaona maziwa, akafungua kilemba chake.

Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilisoma kwamba vile vitu haviundwi kwa chuma hasa, bali kwa mchanganyiko laini unaoyeyuka upesi na kuvunjika upesi kwenye baridi. Mkusanyaji yeyote anajua. Paskali alijua; alikuwa akizipeleka juani kila asubuhi kama wagonjwa. Mtu pekee ambaye angetueleza kwa nini bangili ilivunjika alikuwa yule yule tuliyeanza kumlilia.

Kwetu, nyumba iliyofiwa mtoto hufungwa. Hakuna anayeiadhibu, ila kifo kilichoingia humo kinahofiwa kwamba kitatoka na kikombe, na kijinga cha moto, na mkono wa kusalimiana. Watu walihama njia. Ile iliyopita mbele ya baraza letu ilianza kuota majani. Ng'ombe wetu walitengwa na wa wenzetu. Shuleni, mwalimu wetu aliyetoka mbali hakuelewa kwa nini dawati langu lilibaki na mtu mmoja. Kanisani Baba aliacha mwenyewe kuongoza sala, bila kuombwa, na nyumbani jioni, bila kutangaza kwamba naye sasa anaamini, alianza kuongeza kwenye rozari maneno ya kumwombea marehemu. Alipofika kwenye jina, sauti yake ilishuka mpaka hatukulisikia.

Mama Damiano alikuja mpaka mwisho wa shamba letu, akasimama kwenye mpaka.

"Mama Paskali! Pole."

"Nimeshapoa."

"Siwezi kuingia. Unajua."

"Najua."

"Mimi bado nina wa kumsubiri." Alishika shina la hindi kama fimbo. "Bangili ilikuwa ya jeti zake. Damiano hakuwa na jeti."

"Ndiyo," Mama alisema. "Hakuwa na jeti."

Mama Damiano alirudi ng'ambo akitembea haraka, na nilimwona kwa mbali akifuta viganja vyake kwenye sketi, tena na tena.

Katika nyumba ile ni mimi peke yangu ambaye sikulia. Nilikuwa na subira. Mtu wa ukubwa wa punje ya mtama, kutoka Getanuwas mpaka kwetu, kupita mashamba ya ngano, kupanda milima: ilikuwa wazi kwamba atachelewa.

Nilikuwa nachunga ng'ombe wetu kilimani, karibu na jiwe refu, kwa kuwa huko hapakuwa na wengine wa kuchanganyika nao. Baba alikuwa ameanza kunipa simu yake. "Padri anaweza kupiga," alisema, akitazama pembeni. Iliita mchana. Namba nisiyoijua.

"Haloo?"

Upepo. Kisha: "Wewe Kidevu. Ni mimi."

Ni Paskali tu aliyekuwa ananiita Kidevu. "Umefika wapi?" nilimuuliza, kama unavyomuuliza mtu aliye njiani.

"Dar es Salaam. Nimeshuka jana. Mama yupo?"

"Mama yuko msibani."

"Msiba wa nani?"

"Wako."

Nilisikia pumzi yake. Nilisikia pikipiki zikipita mahali alipokuwa.

"Mwambie nakuja," alisema hatimaye. "Mwambie Mama nakuja."

"Na Damiano?"

"Simu inaisha chaji," alisema Paskali, na ikakatika.

Niliwaacha ng'ombe, nikakimbia. Nilimkuta Mama nyuma ya jiko, nikasema kwa sauti kubwa kwamba Paskali amepiga, yuko Dar, anakuja. Sijawahi tena kuona uso wa mtu ukifungika namna ile. Aliniziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, nikahisi meno yangu kwenye midomo.

"Usimwite," alisema. "Usimwite, mwanangu. Nakuomba."

Baba alichukua simu, akapiga namba ile. Mwanamke yule yule akajibu haipatikani. Bibi alinivuta karibu.

"Sauti yake ilitokea mbele yako au nyuma yako?"

"Kwenye simu, Bibi."

"Wafu wanaanza na watoto," Bibi alisema, si kwangu. "Watoto ndio wanaoitika." Kisha akanishika mashavu. "Akikuita tena, usijibu. Hata akitaja jina lako. Umesikia?"

Sikupelekwa tena kilimani. Simu ilifungwa kwenye sanduku la Baba. Na mimi, ambaye sikuwa nimeogopa hata kidogo mpaka hapo, nilianza kuogopa, kwa kuwa nilijua anakuja na nilijua hakuna atakayemfungulia.

Alikuja jua likielekea kuzama. Tulijua kabla hatujamwona. Wanawake waliokuwa wanapanda na mizigo ya majani ya ng'ombe walipiga kelele bondeni, mmoja akabwaga mzigo wake njiani, wakakimbia kuelekea ng'ambo. Baada ya hapo kimya, na hatua za mtu kwenye njia iliyoota majani.

Alisimama kwenye lango la ua. Alikuwa amekonda, na upande mmoja wa uso, kuanzia sikio mpaka shingoni, ngozi yake ilikuwa nyororo na iling'aa kama iliyeyushwa ikaganda upya. Mkono huu begi, na mkono huu begi.

"Shikamoo Bibi," alisema. "Shikamoo Baba. Shikamoo Mama."

Hakuna aliyeitikia. Katika maisha yangu yote sijasikia kimya kingine kama kile, salamu tatu zimewekwa hewani na wakubwa watatu wamezitazama. Alijaribu tena, kwa Mama peke yake. "Shikamoo Mama." Sauti ilimkatika kama ya mtoto.

Bibi aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maji. Hakumpa mkononi. Alikiweka chini, katikati yetu na yeye, akarudi nyuma.

"Anywe kwanza," alisema.

Paskali aliweka mabegi chini, akainama, akakiokota. Alikunywa. Sote tulitazama koo lake. Lilipanda, likashuka, likapanda. Maji yakamtoka pembeni ya mdomo upande ule ulioungua, yakalowesha kola ya shati, yakadondoka kwenye vumbi, na vumbi likalowa. Baba alilitazama lile vumbi lililolowa. Kisha alitoa sauti ambayo sikujua kwamba baba yangu anayo, akavuka ua mbio, akamkumbatia mwanawe kwa nguvu, kikombe kikaanguka.

"Ni mtu," Baba alilia. "Ni mtu, jamani, ana joto!"

Bibi alikaa chini pale pale. Mimi nilimkimbilia, nikashika mguu wa suruali.

Mama hakusogea. Macho yake hayakuwa kwa Paskali. Yalikuwa kwenye mabegi. Moja lilikuwa letu. La pili sote tulilijua, lilikuwa na mkanda uliokatika na kushonwa kwa uzi mwekundu, mishono mikubwa ya Mama Damiano, asiyeona vizuri karibu.

"Umekuja peke yako?" Mama aliuliza.

Paskali aliinamisha kichwa begani kwa Baba. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili.

Ng'ambo ya bonde mlango ulikuwa umefunguliwa kwa kishindo. Wanawake wa majani walikuwa wamefika huko na habari yao. Mama Damiano alitoka mbio bila viatu, kitenge kikimdondoka, akashuka kwenye njia yetu, njia ambayo hakuna aliyethubutu kuikanyaga tangu bangili ivunjike, akaja moja kwa moja kwenye nyumba ya msiba, haogopi kitu, mikono juu, anapiga vigelegele.

"Wamerudi! Paskali mwanangu! Wamerudi!"

Mama alichukua begi la uzi mwekundu pale chini, akalisogeza nyuma ya ukuta. Akafunga kitenge chake vizuri kiunoni. Alimpita Paskali langoni, karibu kiasi cha kuguswa na pumzi yake, bila kumgusa, akaanza kushuka bondeni, kwanza kwa kutembea, kisha akikimbia, amfikie mwenzake kabla hajafika mahali pa kuweza kuona tuko wangapi.